Mistari Michache, Nchi Pana

Maneno mengi si lazima yawe na maana nyingi. Jambo hili hukubaliwa upesi katika ushairi, ambamo mizani humlazimisha mtungaji kupima kila silabi, lakini hukubaliwa kwa shida katika picha. Mtazamaji aonapo karatasi ambayo sehemu yake kubwa haikuguswa na wino, hushuku kuwa msanii alichoka, au aliharakishwa, au hakujua la kufanya na nafasi iliyobaki. Shaka hiyo ndiyo inayochunguzwa katika insha hii. Picha zitakazopimwa ni za mandhari, zilizochorwa juu ya bamba la shaba kwa sindano na kuliwa na tindikali. Na mahali patakapotumika kuwa kipimo ni Mbozi Mission, katika nchi ya Wanyiha, Mkoa wa Songwe. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mandhari yake humlazimisha mchoraji aamue mapema nini aandike na nini aache.

Mbozi si nchi ya vilele vikali. Kituo cha Wamoraviani, kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, kimekaa juu ya uwanda ulioinuka, ambao ardhi yake hupanda na kushuka kwa upole, mgongo baada ya mgongo, hata jicho likashindwa kusema kilima kimoja kimeishia wapi na cha pili kimeanzia wapi. Kaskazini nchi hushuka kwenda Bonde la Rukwa; kusini, ng'ambo ya mpaka, ziko Zambia na Malawi. Karibu na macho kuna mibuni kwa safu, mahindi, migomba na mapaa ya bati. Mbali, wakati wa kiangazi, kuna utusitusi wa vumbi na moshi wa majani yachomwayo, ambao huyafanya matuta ya nyuma yafanane na kivuli kilichotandazwa. Mtu akiulizwa ameona nini, hujibu kwamba ameona nchi. Lakini nchi nzima haichoreki. Kinachochoreka ni mstari. Basi swali ni hili: mistari mingapi yatosha, nani aamue, na kwa haki gani?

Kabla ya kujibu, yafaa ijulikane kazi yenyewe hufanywaje. Bamba la shaba husuguliwa hata likang'aa, kisha hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu wa miti. Msanii huchora juu ya nta hiyo kwa sindano, na kazi ya sindano ni kuifunua shaba tu. Bamba litiwapo katika tindikali, tindikali huila shaba pale ilipofunuliwa na kuacha mfereji mwembamba. Mistari inayotakiwa iwe hafifu huzibwa mapema. Inayotakiwa iwe mizito hurudishwa ipate kuliwa zaidi. Hatimaye nta huondolewa, wino hushindiliwa katika mifereji, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hupitishwa pamoja na bamba chini ya gurudumu zito. Picha hutoka imegeuka: kilichokuwa kulia huwa kushoto.

Katika kazi hiyo yamo mambo mawili ambayo mhakiki hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba sindano hupita katika nta kwa wepesi, karibu kama kalamu juu ya karatasi. Patasi ya mchonga shaba husukumwa kwa nguvu na kwa utaratibu. Sindano hufuata mkono, nao mkono hufuata jicho. Kwa hiyo kusitasita kwa msanii huonekana, na uhakika wake huonekana pia. La pili ni kwamba weupe hauchorwi. Hakuna wino mweupe wa kuangaza mahali palipotiwa giza. Mwanga wote wa picha ni karatasi iliyosazwa, na kila mstari unaoongezwa hupunguza sehemu ya mwanga huo. Mchoraji wa rangi aweza kujuta na kupaka upya. Mchoraji wa bamba aliyejaza mbingu yake ameitumia, na kuirudisha ni kazi ya kukwangua na kusugua shaba ambayo mara nyingi huacha kovu. Uwekevu wa mistari, basi, umo katika sharti la kazi kabla haujawa tabia ya mtu.

Hakuna mfano ulio maarufu zaidi kuliko bamba la Rembrandt liitwalo Daraja la Six, la mwaka 1645. Ni picha ndogo, yenye upana wa sentimita 22 hivi na kimo cha sentimita 13 hivi. Ndani yake kuna daraja dogo la mbao, watu wawili darajani, miti miwili myembamba, matanga ya mashua yaonekanayo nyuma ya ukingo, na upeo wa macho ulio chini sana, wenye dalili ya mji wa mbali. Mbingu haina hata wingu moja. Sehemu kubwa ya ardhi ni mistari michache iliyolala, iliyoachana kwa nafasi pana. Majani ya miti hayakuchorwa moja moja. Ni mikunjo ya sindano iliyopinda na kurudi. Hata hivyo mtazamaji hana shaka kwamba nchi ile ni tambarare, kwamba kuna maji pasipoonyeshwa maji, na kwamba hewa ni kavu na mwanga ni mwingi.

Juu ya picha hii kuna hadithi iliyoenezwa na Gersaint, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, ambaye orodha yake ya chapa za Rembrandt ilitolewa mwaka 1751, miaka zaidi ya 80 baada ya kufa kwa msanii. Yasemwa kwamba Rembrandt alikuwa mgeni wa rafiki yake Jan Six. Chakula kilipoandaliwa haradali ikakosekana, mtumishi akatumwa kijijini kuileta, na Rembrandt akaweka dau kwamba atamaliza bamba kabla mtumishi hajarudi. Akashinda. Hadithi ni tamu, na imependwa kwa sababu yampa mtazamaji sababu nyepesi ya uchache: mistari ni michache kwa kuwa wakati ulikuwa mchache. Lakini hadithi hii humsifu msanii kwa jambo lisilo sifa yake. Haraka huacha mambo ovyo. Hapa hakuna kilichoachwa ovyo. Msomaji na afanye jaribio jepesi. Akifunika kwa kidole mistari michache iliyolala upande wa ardhi tupu, uwanda wote huporomoka na daraja hubaki likining'inia hewani. Akifunika matanga ya mashua, mto hutoweka, kwa maana tanga lile ndilo lililokuwa likimwambia kwamba nyuma ya ukingo kuna maji. Mstari ambao ukifunikwa hakipotei kitu ulikuwa mvivu. Mstari ambao ukifunikwa picha huanguka ulikuwa ukifanya kazi. Katika Daraja la Six ni shida kuupata mstari mvivu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba uchache ni wema na wingi ni ubaya. Rembrandt mwenyewe hampi mhakiki ruhusa hiyo. Miaka miwili kabla, mwaka 1643, alifanya bamba liitwalo Miti Mitatu, ambalo ni kubwa zaidi ya hilo na limejaa. Mbingu yake imesongwa na mawingu; kwenye pembe moja mistari minyoofu ya mvua imechanja kama viboko; miti mitatu yasimama juu ya kilima kidogo ikipingana na mwanga ulio nyuma yake; na katika giza la ardhi mmefichwa watu ambao mtazamaji wa haraka hawaoni: mvuvi kando ya maji, wapenzi wawili vichakani, na mbali juu ya kilima mtu aliyekaa akichora. Hii nayo ni kazi ya mtu mwekevu. Mistari mingi ya mbingu imewekwa ili kipande cha mbingu kilichoachwa wazi nyuma ya miti kipate nguvu ambayo kisingekuwa nayo peke yake. Kwa hiyo uwekevu haupimwi kwa hesabu ya mistari. Tajiri aliyetumia shilingi elfu kwa jambo lenye thamani ya elfu si mbadhirifu, na maskini aliyetupa senti moja amebadhiri. Kipimo ni kama kila kilichotumika kimenunua kitu.

Bamba la tatu ndilo lililo karibu zaidi na Mbozi, ijapokuwa lilichorwa karibu na Haarlem. Laitwa Shamba la Mpima Dhahabu, la mwaka 1651. Upana wake ni sentimita 32 hivi, na kimo chake ni 12 tu, yaani ukanda mrefu wa nchi iliyoonwa kutoka mahali palipoinuka. Upeo wa macho wapita kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake karatasi ni tupu kabisa, na sehemu ya mbele nayo imeguswa kidogo tu. Uzito wote umekusanywa katikati, penye miti, mashamba na nyumba, na hapo Rembrandt aliongeza kazi ya sindano kavu. Katika kazi hiyo sindano huikwaruza shaba yenyewe, na makapi membamba ya shaba huinuka pembeni mwa mkwaruzo, yakashika wino na kutoa weusi laini kama manyoya. Weusi huo huchakaa upesi bamba linapochapwa mara nyingi. Msanii mwekevu alijua mahali pa kutumia mali yake inayoharibika: aliiweka pachache, pale jicho litakapotua.

Mtu asimamaye Mbozi akitazama matuta yakifuatana huelewa mara moja shida aliyoitatua Rembrandt katika bamba hilo. Nchi iliyolala haina kitu cha kushikia jicho. Mchoraji asiye na uzoefu hujaribu kuiokoa kwa kuongeza: huchora kila mbuni, kila paa, kila tuta, na mwisho hupata karatasi ya kijivu ambayo ndani yake umbali umekufa. Aliye na uzoefu hutafuta mistari miwili au mitatu ambayo ndiyo mifupa ya nchi. Tuta la karibu hupewa mstari mzito uliolala muda mrefu katika tindikali. La pili hupewa mwepesi zaidi. La tatu huenda likapewa mstari uliokatika mahali pawili, kwa sababu moshi wa kiangazi ndivyo unavyolikata. Utusitusi hauchorwi; huonekana kwa kukatika kwa mstari. Hapo kisichochorwa kipo, na kuwapo kwake ndiko kunakothibitisha kwamba aliyekiacha alikijua.

Hapa ndipo hoja inapofikia jambo zito kuliko mtindo. Nchi za Afrika Mashariki ziliingia katika vitabu vya Ulaya, kabla picha za kamera hazijaenea vitabuni, kwa njia ya mistari. Kitabu cha John Hanning Speke juu ya kugunduliwa kwa chanzo cha Nile, kilichotolewa mwaka 1863, kina picha nyingi zilizotokana na michoro ya mwenzake wa safari, James Augustus Grant. Michoro hiyo ilichorwa upya na J. B. Zwecker, msanii aliyefanya kazi London, ikachongwa katika ubao na mafundi ili ichapwe pamoja na herufi. Grant alikuwa ameiona nchi. Mafundi wa karakana hawakuiona. Palipokuwa na nafasi tupu katika mchoro wa msafiri, fundi alipajaza: mbingu ikatiwa mistari sambamba, majani yakatiwa uvungu, mlima ukatiwa kivuli cha mlima wowote. Haki imtendee fundi huyo: uchongaji wa ubao ulidai rangi ya kijivu iliyojaa, na mnunuzi alidai picha iliyokamilika kwa fedha zake. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba nchi zilizo tofauti zilivishwa vazi moja. Ule wingi wa mistari haukuongeza maarifa; ulifunika mahali ambapo maarifa yalikosekana. Karatasi tupu ingekuwa na unyofu zaidi.

Kwa hiyo haki ya kuacha hutokana na kujua. Mtu asiyeijua nchi hathubutu kuiacha wazi, kwa kuwa hajui ni nini kitakachobaki kikisimama. Mtu aliyeilima, akaipita kwa miguu msimu wa mvua na msimu wa jua, anajua ni tuta lipi ambalo likitajwa mengine yote yamekwisha kutajwa. Wanyiha walijulikana zamani kwa kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo, na kila aliyewahi kumtazama mhunzi kazini ameona jambo hilo hilo: mwanafunzi hupiga nyundo mara nyingi, mwalimu hupiga chache, na za mwalimu ndizo zinazolipa jembe umbo. Hakuna amwitaye mwalimu huyo mvivu.

Chuma chatoa mfano mwingine, ulio Mbozi peke yake. Katika mteremko wa kilima cha Marengi kimelala kimondo mashuhuri cha Mbozi, chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930 kwa njia ya mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Kimondo hicho ni chuma, kwa kiasi cha asilimia 90 hivi, kikiwa na nikeli karibu asilimia 9. Vimondo vingi vya chuma vyenye nikeli ya kiasi hicho, vikikatwa, vikasuguliwa na kuoshwa kwa tindikali ya nitriki, huonyesha mistari iliyonyooka na kupishana, mizuri kama ukili uliosukwa. Mistari hiyo huitwa kwa jina la Widmanstätten wa Vienna, aliyeichunguza mwaka 1808. Sababu yake ni kwamba chuma hicho kilipoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, hata madini mawili ya chuma na nikeli yakajitenga katika tabaka. Nayo tindikali huila tabaka moja upesi kuliko nyingine.

Tazama, basi, jinsi tindikali ile ile inavyofanya kazi mbili. Katika kimondo hufunua mistari iliyokuwamo tayari. Katika bamba la shaba huila mistari iliyochaguliwa na mtu. Ya kwanza haina kosa hata moja, wala haina nia hata moja. Hapana aliyeacha kitu, kwa sababu hapana aliyekuwa na uwezo wa kuweka. Ya pili yaweza kukosea, na kwa sababu hiyo yaweza kusema. Wako wahakiki wausifuo uzuri wa mfereji, utamu wa wino na ulaini wa karatasi, wakadhani wamekwisha kuisifu picha. Hao wameisifu tindikali. Sifa ya msanii iko katika uamuzi uliotangulia, pale sindano iliposhuka juu ya nta, na zaidi pale ilipoinuliwa.

Hata hivyo uwekevu una hatari yake, na insha ya haki haiwezi kuificha. Mmarekani James McNeill Whistler alikwenda Venice mwaka 1879 kwa agizo la kufanya mabamba 12, akarudi London mwaka 1880 akiwa na mengi zaidi ya hayo. Katika baadhi yake mji mzima ni mstari mwembamba wa minara na paa uliowekwa mbali juu ya maji matupu. Wahakiki wengi walisema kazi haikumalizwa. Whistler alijibu kwa namna yake: katika maonyesho ya mwaka 1883 alichapa maneno yao katika orodha ya picha zake, ili msomaji ayaone yakiwa kando ya kazi yenyewe. Wakati umempa Whistler ushindi mkubwa, lakini wapinzani wake hawakuwa wapumbavu wote. Katika picha zake za jioni aliacha utando wa wino juu ya uso wa bamba, ukafanya kazi ya giza na maji. Hapo mistari ni michache kwa kuwa imekopa kwa utando, na kila nakala hutofautiana na nyingine kadiri mkono ulivyofuta. Ni uzuri wa kweli, ila si uwekevu wa mstari ulio safi kama wa Daraja la Six, ambalo humlipa mtazamaji kwa mistari yake peke yake. Na baada ya Whistler walitokea waigaji wengi walioona karatasi tupu wakadhani ndiyo siri. Waliacha wasichokijua, na kuacha usichokijua ni kukosa tu.

Tanzania si ngeni katika kazi ya bamba. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, ilitoa picha zilizochapwa kwa njia hiyo, na miongoni mwa wasanii wake alikuwa George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005. Mstari wa Lilanga ni hodari: huzunguka tumbo, sikio na mdomo wa shetani bila kusitasita. Lakini ulimwengu wake ni wa viumbe wasongamanao, na ardhi kwao ni mahali pa kusimamisha miguu tu. Mandhari yenyewe, nchi ikiwa ndiyo mhusika, bado yangojea sindano yake. Nyanda za juu za kusini zina kila kitu ambacho sindano hiyo yaweza kutaka: upeo mrefu, matuta yaliyopangana, mwanga mkali wa mchana, na mpandaji mmoja wa kilima anayetosha kumwambia mtazamaji ukubwa wa yote.

Kizuizi kikubwa ni mazoea ya macho. Mwanafunzi wa kuchora husifiwa akijaza ukurasa, na huulizwa kwa nini ameacha mbingu. Swali hilo lastahili kuulizwa, lakini lisiwe hukumu. Na ajibu. Akisema kwamba aliiacha kwa kuwa jua la Septemba juu ya Mbozi haliachi kitu mbinguni, na kwamba ule mstari uliokatika katika tuta la tatu ni moshi, basi picha yake imemalizika, hata kama ina mistari tisa. Akikosa jibu, hata mistari elfu tisa haitaimaliza.